Wa Kwanza Mara Tatu

Jengo bado lipo. Ukitoka sokoni Base Camp, pale Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ukaipita mashine ya kusaga, utaliona mkono wa kulia: kuta za udongo zilizopakwa chokaa zamani, mabati yenye kutu, mlango uliofungwa kwa kufuli la mfanyabiashara wa mahindi. Ndani ni magunia mpaka juu. Kwenye ukuta wa nyuma pana mraba mweusi wa saruji, na vibarua wanaoshusha magunia hawajiulizi unafanya nini pale. Ni ubao. Hapo palikuwa na shule ya binafsi iliyoitwa École Préparatoire Le Retour, yaani shule ya kuwatayarisha watoto kwa safari ya kurudi kwao, na wakimbizi, ambao hawana muda wa majina marefu, wakaiita Shule ya Retour. Ilifunguliwa mwaka 2003, ikafa mwishoni mwa 2009. Aliyeiua ni mke wa mwenye shule. Hilo lisemwe mapema, msije mkahangaika kumtafuta mchawi.

Mwenye shule alikuwa Gervais, direkteri, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi huko Uvira, Kongo, kabla vita havijamfukuza. Alipofika Nakivale na mkewe Pélagie na binti yao Sonia, alipewa kama wengine kiwanja, sufuria, blanketi na jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gervais alipewa lake siku ya kwanza, na siku hiyohiyo akamkabidhi mkewe. Yeye alitafuta turubai, akakata miti ya mabenchi, akakusanya watoto wa Wakongomani wa Kivu ya Kusini, akaanza kufundisha.

Alifundisha programu ya Kongo, kwa Kifaransa, Septemba mpaka Julai kama kule. Uganda iko mbele ya Uvira kwa saa moja, lakini Gervais hakuigusa saa yake ya mkononi, na kengele, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo, ililia kwa saa ya Uvira. Watoto wa Wanyankore, wenyeji wa pale, walikuwa wamekwisha kumaliza somo zima wakati wa Retour wanapanga mstari. Watu walicheka, lakini walicheka kwa mapenzi. Nani alikuwa na moyo wa kumbishia mtu anayewaambia kila asubuhi kwamba mwaka ujao watakuwa nyumbani? Wazazi walichanga mabati. Walichanga saruji ya ubao. Hata waliokosa chumvi hawakukosa cha kumpelekea direkteri.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa kule juu kabisa. Kongo mtoto akimaliza siziemu, darasa la sita, hufanya mtihani wa serikali, na cheti chake ndicho humfungulia sekondari. Mtihani huo haufanywi Nakivale. Basi Gervais akaamua kwamba anayemaliza siziemu airudie, asije akasahau, mpaka siku ya kurudi. Mwaka wa kwanza lilikuwa jambo la kungoja kidogo. Mwaka wa pili wavulana wakubwa walijiendea, wengine kuvuna ndizi za matoke za watu, wengine kuendesha bodaboda za kukodi. Binti wa direkteri hakuwa na pa kwenda.

Tarehe mbili Julai 2009 ilikuwa siku ya proklamasio, siku ya kutangaza matokeo, na hakuna sikukuu ambayo Mkongomani anaipenda kuliko hiyo. Gervais alivaa koti lake la Uvira na tai. Akina mama walikuja na makopo ya poda, maana mtoto aliyepita humwagiwa poda kichwani mpaka anakuwa mweupe. Direkteri huanza na wa mwisho akapanda mpaka wa kwanza, na sauti yake hupanda naye.

"Siziemu!" akaita. "Wa kwanza, kwa asilimia themanini na saba, Sonia!"

Makofi yalipigwa. Lakini yalikuwa makofi ya watu wanaotazamana. Sonia alitoka mbele, msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mlango, akainamisha kichwa kupokea poda kwa mara ya tatu katika darasa lilelile. Pélagie naye alimmwagia, na aliona aibu bila kujua anamwonea nani. Nyuma yake alikuwa amesimama Anatole, fundi cherehani, ambaye bintiye Eliane alikuwa wa pili.

"Huyu mutoto atazeekea mu siziemu," Anatole alinong'ona, si kwa ubaya.

Nyumbani Sonia aliinama kwenye beseni na Pélagie akamsafisha nywele. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

"Mama, mwaka yenye inakuja nitakuwa tena wa kwanza?"

"Ukisoma muzuri."

"Nikisoma muzuri, ao nisiposoma. Ile mambo yote nayijua kwa kichwa. Papa akianza kusema, mimi namaliza mu roho." Akapangusa maji machoni. "Eliane anasema tukifika miaka kumi na tano batatuolesha tu."

Pélagie aliendelea kusugua kichwa ambacho kilikuwa kimekwisha takata. Alimpenda mumewe; hilo lisitiliwe shaka. Lakini siku hiyo alihesabu umri wa binti yake mbele, si nyuma, akaogopa.

Jioni, Gradi, mdogo wake Sonia aliyezaliwa hapo Nakivale, alipokwisha kula na kutoka nje, Pélagie alimwekea mumewe maji ya kunawa.

"Baba Sonia, mutoto amemaliza siziemu mara tatu. Anaenda wapi?"

"Uvira."

"Lini?"

"Banasema vita ya Fizi inaanza kutulia."

"Banasema kila mwaka. Na kila mwaka bengine banafika hapa na vidonda. Wiki hii bamefika bengine, nimebapikia bugali mimi mwenyewe."

Gervais alinawa polepole, kidole kwa kidole. Mikono yake ilikuwa laini, yenye chaki kwenye kucha. "Ule mukaguzi mwenye kutoka wilayani alikuja, akaniambia nifundishe programu ya Uganda, kwa Kingereza. Nilimujibu nini?"

"Ulimujibu kwa Kifaransa, hakusikia kitu."

"Nilimujibu kama mimi niko direkteri, siko kasuku. Nikifundisha batoto Kingereza, maana yake nabaambia hatutarudi. Batu batakufa moyo, Mama Sonia. Hii shule si benchi na ubao. Ndiyo njia yenye imebakia."

Pélagie alimwaga maji ya kunawa. Maneno ya mumewe yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomchosha. Angekuwa mjinga au mlevi ingekuwa rahisi.

Jumamosi Pélagie alikuwa na desturi ya kupeleka maharage na samaki wakavu Mbarara, kwenye lango la kambi ya jeshi, ambako wake wa askari walimjua. Wiki ile alimchukua Sonia, akamwambia mumewe kwamba mtoto anaumwa jino. Lori la matoke liliwashusha mjini mchana. Askari wa lango alimtania kama kawaida, "Mukongomani, leo naleta samaki ama naleta mke?" na Pélagie akacheka kama kawaida, kwa sababu mwenye kuuza hana budi kucheka.

Mteja wake mkubwa alikuwa Norah, mke wa sajenti Ahimbisibwe, mwanamke wa maneno mengi na roho isiyo mbaya. Watoto wake walisoma shule ya binafsi ya maandalizi kule Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, na lori la jeshi liliwapeleka asubuhi. Pélagie alipomweleza kwamba anamtafutia Sonia shule, Norah alivaa viatu palepale.

"Twende. Hedmistresi yetu nafanya kazi mpaka Jumamosi. Mimi najua yeye. Wewe usiogope, nyabo, wewe nyamaza tu."

Hedmistresi aliitwa Mackline. Ofisi yake ilikuwa na kapeti na picha za watoto waliovaa kofia za kuhitimu, wadogo wa miaka sita. Alimtazama Sonia tangu miguuni mpaka kichwani, na safari hiyo ya macho ilichukua muda.

"Huyu nasoma darasa gani?"

"Alimaliza siziemu, Madamu," alisema Pélagie. "Mara tatu. Alikuwa wa kwanza."

"Mara tatu? Nafeli?"

"Hapana, Madamu. Wa kwanza."

"Sasa kama iko wa kwanza, kwa nini narudia?"

Pélagie alimtazama Norah. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo kwa ufupi namna ile, na kwa lugha yoyote aliyoijua hakuona jibu lake.

Sonia alipewa hesabu za darasa la saba. Alizimaliza kabla soda ya Norah haijaisha, na Mackline akazipitia mara mbili, nyusi juu. Kisha akapewa kitabu cha Kiingereza chenye picha ya ng'ombe. Sonia alisoma kila herufi kama ilivyoandikwa, kwa sauti ya kujiamini ya mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza. Watoto wa bweni waliokuwa wanachungulia dirishani waliangua kicheko. Sonia akaendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa, masikio yakiwaka. Pélagie alitamani kumnyang'anya kitabu kile, akakaa.

"Akili iko," alisema Mackline. "Kizungu hapana. Hapa mtihani yote ni Kizungu, hata ya hesabu. Mimi naweza kuweka yeye P.3. Naanza Septemba, na mwaka ujao tunaona."

"Madamu, darasa ya tatu? Eko na miaka kumi na tatu."

"Nyabo, si mimi natunga mtihani."

Wakapelekwa kuliona darasa. Lilikuwa safi, ukutani wamechora tembo na nambari. Sonia alijaribu benchi moja. Magoti yakagota kwenye meza, ikabidi aketi upande. Pélagie aligeuza uso. Alijiuliza kama kuna mama mwingine duniani aliyepanda lori na gunia la maharage ili akamshushe mwanawe madarasa matatu.

"Turudie nyumbani," alimwambia. "Tutaona mwaka ingine."

"Hapana, Mama." Sonia hakuinuka. "Ile ya sita imesimama. Hii ya tatu inatembea."

Yaliyobaki yalipangwa nje na Norah, chapuchapu. Kwenye kulipa karo, Norah na Pélagie wangesaidiana: Pélagie ataleta maharage na samaki kila wiki bila kudai, na Sonia atakaa kwa Norah kambini. "Tasaidia-saidia nyumbani," alisema Norah. "Maji, vyombo, kushika mtoto, kufua uniform ya afande. Si kazi mingi." Pélagie alielewa vizuri. Binti wa direkteri anakwenda kuwa yaya wa sajenti. Akashukuru kwa mikono miwili.

Alimwambia Gervais kesho yake baada ya misa, njiani, mahali ambapo hawezi kupaza sauti. Lakini Gervais hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisimama tu, watu wakawapita wakimwamkia, "Bonjour, Direkteri," naye akiitikia.

"Darasa ya tatu," alisema mwishowe. "Mutoto wa siziemu. Na wewe umekubali."

"Yeye mwenyewe alikubali."

"Unajua batu batasema nini? Batasema direkteri anauzisha dawa yenye mutoto wake hakunywaka." Akavua kofia, akaifuta jasho lililokuwa ndani. "Kingereza mimi sijui, Mama Sonia. Hata moja. Na miaka yangu haiko ya kuanza. Hapa batu bote banalima, banapanga mustari ya mahindi na mafuta ya musaada, na mimi napanga nabo. Lakini nikitokea mu ule mustari banasema, Direkteri, pita. Bila hii shule, niko nini?"

Pélagie alitaka kumwambia: wewe ni mume wangu, ni baba ya watoto wangu. Aliona hayatatosha, na alimhurumia sana, na bado hakuibadili nia yake.

"Ataenda," alisema.

"Basi aende mugonjwa," alijibu Gervais. "Batu bakiuliza, eko Mbarara anatunzwa. Ile utanisaidia. Unaniahidi?"

Akamwahidi.

Siku ya kuondoka, mwisho wa Agosti, Gervais alikuwa shuleni anapaka ubao. Kila mwaka kabla ya kufungua alisaga makaa ya betri kuukuu, akayachanganya na majani mabichi, akapaka mraba ule mpaka unang'aa. Njia ya kwenda stendi ilipita mbele ya mlango. Sonia alibeba begi kichwani na godoro dogo lililokunjwa. Gervais alitoka, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akamtazama binti yake. Sonia akashusha begi.

"Papa, naenda."

Direkteri aliinua mkono ili ambariki, akauona ulivyo mweusi, akaurudisha. "Usisahau Kifaransa," alisema, akaingia ndani kumalizia ubao.

Shamba la Pélagie lilipakana na ukuta wa shule. Jumatatu ya kufungua alikuwa anapalilia maharage, na kupitia dirisha lisilo na kioo alisikia kila kitu: rimu ikilia kwa saa ya Uvira, watoto wakiimba, Gervais akiita majina. Alipofika siziemu aliita "Sonia" kwa mazoea. Kisha sauti ya mtoto: "Eko mugonjwa, Direkteri." Gervais akasema, "Ndiyo. Mugonjwa," akaendelea.

Adhuhuri Anatole alikuja shambani. Hakuja na salamu ndefu. Alichuchumaa kwenye tuta, akang'oa gugu moja, akalishika mkononi.

"Mama Sonia. Fundi mwenzangu alienda Mbarara kununua uzi. Anasema aliona Sonia yenu kwa lori ya basoda, ile ya jeshi, amevaa sweta ya shule. Nimemuambia anadanganya. Nimemuambia, direkteri hawezi."

Pélagie aliendelea kulima. Neno moja lingetosha. Angesema mtu yule alimfananisha, na Anatole angeamini, kwa sababu alitaka kuamini. Angerudi kwenye cherehani yake akawaambia wengine, na shule ingesimama mwaka mwingine, pengine miwili. Mumewe angeendelea kuitwa Direkteri, pita. Haya yote aliyaona wazi, kama mtu anavyoona njia mbili zinapoachana.

"Eliane eko wapi leo?" aliuliza.

"Mu siziemu. Ameingia tena asubuhi." Anatole alilitupa lile gugu. "Anarudia mara ya pili. Niambie kweli, dada. Kama yenu iko kule, yangu inangojea nini hapa?"

Pélagie aliegemea mpini wa jembe. Alimwona Eliane ameinamisha kichwa kupokea poda mwaka ujao, na mwaka wa baada yake, mpaka siku ya kuolewa.

"Sonia hana ugonjwa," alisema. "Niliyemupeleka ni mimi. Anasoma darasa ya tatu, kwa Kingereza. Peleka wako, Anatole. Usingojee."

Anatole hakushukuru. Alisimama akaondoka akiwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana alikuwa amekwisha kutoa bati tatu na miaka sita.

Hapo ndipo shule ilipofia. Hakuna aliyekuja kugombana. Wakongomani ni watu wa heshima: mmoja alisema mtoto ana homa, mwingine alisema wanahamia Juru, mwingine hakusema, mtoto hakutokea tu. Wiki baada ya wiki mabenchi yalitoa nafasi. Mwalimu aliyekuwa akimsaidia Gervais alipata kibarua Kikagate, kwenye mpaka wa Tanzania, akaaga kwa Kifaransa kizuri. Wanawake waliokuwa wakimwita Pélagie Madamu Direkteri walianza kumwita Mama Sonia, na kisimani mmoja alimuuliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Ulijua tangu lini?"

Gervais hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alirudi nyumbani, akala, akauliza kama Gradi amenawa, akalala amegeukia ukutani. Neno moja tu alimwambia, siku aliyorudi mapema na boksi la chaki kwapani.

"Uliniahidi."

"Ndiyo, Baba Sonia. Nilikuahidi."

Novemba alibaki Gradi peke yake, mwenye miaka sita, aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule. Kila asubuhi, kwa saa ya Uvira, Gervais alipiga rimu. Pélagie shambani alisikia jina likiitwa, "Gradi!", na kasauti kembamba kakijibu kwa Kifaransa kwamba yupo. Kisha somo, kisha mapumziko, mtoto mmoja akikimbia peke yake uani, kisha rimu tena. Siku moja Gradi alikuja dirishani akamnong'oneza: "Mama, unaweza kuwa mugonjwa ili nikusaidie?" Pélagie alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye yakakataa kukoma.

Sonia alirudi Desemba kwa lori la matoke. Alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni ya kufulia, na alipozungumza aliweka neno la Kinyankore hapa na la Kiingereza pale bila kujua. Alimsalimu baba yake kwa goti. Gervais alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa koti.

"Umekuwa wa ngapi?"

Sonia alimtazama mama yake. "Wa makumi tatu na moja, Papa."

Hata Gradi, asiyejua makumi tatu na moja ni wapi, alielewa kwamba ni mbali.

"Hesabu nilikuwa wa kwanza," aliongeza Sonia haraka. "Kingereza ndiyo ilinivuta. Lakini nimepita. Banasema nitaruka, niende ya tano. Madamu alisema."

Gervais aliinuka, akachukua kofia, akatoka. Pélagie alimwacha aende. Alikaa chini kando ya binti yake, akamshika ile mikono iliyochubuka, akaona kwamba alichokifanya kilikuwa sawa na kwamba hakitamletea furaha.

Ndipo rimu ikalia. Haikulia kama kengele ya darasa. Ililia kwa mapigo marefu, yale ya Julai. Watu walitoka majumbani, wakadhani shule imefunguliwa au mtu amefariki. Walimkuta Gervais amesimama mbele ya mlango wa Retour, tai shingoni. Anatole alikuja, Eliane nyuma yake katika sare ya shule ya kambi. Direkteri alingoja mpaka wakatulia, kama alivyozoea.

"Darasa ya tatu," akaita. Akanyoosha tai, akaanza tena. "Darasa ya tatu, shule ya Nyamitanga, Mbarara. Wa makumi tatu na moja: Sonia! Amepita. Anaenda ya tano."

Hakuna aliyekuwa na poda. Nani huweka poda Desemba? Pélagie alikimbia nyumbani, akarudi na bakuli la unga wa muhogo. Alitaka kumwaga mwenyewe, lakini Gervais alinyoosha mkono akalipokea bakuli. Alimwaga unga wote kichwani mwa binti yake, polepole, mpaka punje ya mwisho, na makofi safari hii hayakuwa ya kutazamana. Sonia alikaa na unga ule nywelini mpaka jua lilipozama, akakataa kuoshwa. Jirani mmoja alisema chakula kimepotea bure. Pengine alisema kweli, maana usiku ule walilala na uji.

Kesho yake Gervais alipanda kwenye kiti akaifungua rimu. Fundi wa bodaboda aliichukua. Kabla ya Krismasi mfanyabiashara wa mahindi alikuja kupima vyumba kwa hatua zake.

Februari shule ya msingi ya kambi ilipofunguliwa, Gervais alisema atampeleka Gradi yeye mwenyewe. Pélagie aliamka akamkuta amekwisha vaa. Saa yake ya mkononi ilikuwa mezani, na alipoitazama aliona mshale umesogezwa mbele saa moja.

Foleni ya wazazi ilikuwa ndefu. Mwalimu wa kuandikisha alikuwa kijana wa Kinyankore, mchangamfu, kalamu sikioni. Alimuuliza Gervais kitu kwa Kiingereza. Gervais alitabasamu tabasamu la mtu asiyesikia lugha ile. Kijana akahamia Kiswahili.

"Muzee, jina ya mtoto?"

"Gradi."

"Nasoma zamani ama ni mpya?"

"Ni mupya," alisema Gervais.

"Na baba yake nafanya kazi gani?"

Nyuma yao walikuwa wamesimama watu waliokuwa wakimpisha kwenye mstari wa mafuta. Wote walisikia swali, wote wakatazama mahali pengine. Pélagie aliona mkono wa mumewe ukipanda kuitafuta tai, kisha ukakumbuka kwamba leo hakuvaa tai.

"Nalima," alisema Gervais.

Kijana akaandika, akaita mwingine. Wakamwacha Gradi akiwa na viatu vipya, wakarudi kwa miguu, Gervais mbele na Pélagie nyuma. Walipita mlango wenye kufuli. Jirani aliwaamkia, "Bonjour, Direkteri," kwa mazoea, naye akaitikia kwa mazoea. Walipofika nyumbani Gervais alivua koti lake la Uvira, akalitundika, akasimama katikati ya chumba akitazama huku na huku, pembeni, nyuma ya mlango, chini ya kitanda. Miaka saba alikuwa ameishi ndani ya nyumba ile.

"Mama Sonia," akauliza, "jembe unawekaka wapi?"

Pélagie akamwonyesha.